Wosia wa mpingo wa Mzee Marselino

Tarumbeta la kambi ya jeshi limeshalia na Gongo la Mboto inabandika chai. Nyuma ya nyumba ya vyumba sita, Mzee Marselino ameketi juu ya gunia, gogo la mpingo amelibana kati ya nyayo zake, anasugua kwa msasa. Ndege ikipita chini kuelekea uwanjani, mabati yanatetemeka. Anasimamisha mkono mpaka iishe.

"Sesilia akizisikia hizi alikuwa ananiambia, haya, wateja wako hao wamefika, kanawe uso," anasema, halafu anacheka peke yake.

Ana miaka sabini na moja. Sesilia, mkewe, alifariki miaka minne iliyopita. Kikombe chake bado kimeninginia kwenye msumari jikoni, na hakuna anayekinywea.

Zamani kinyago kimoja kililisha nyumba wiki nzima. Siku hizi mwezi unaweza kuisha hajauza, na akiuza, dalali anamwachia elfu thelathini. "Wakubwa wakiletewa wageni wanawaonyesha vinyago, eti utamaduni wetu," anasema. "Utamaduni wenyewe huu hapa, haujanywa chai. Nani kauliza?"

Lakini kinachomkosesha raha siyo soko. Ni nyumba.

Yeye na Sesilia walitoka Newala wakiwa vijana, wakapanga chumba Vingunguti. Sesilia aliuza supu karibu na machinjio, Marselino alichonga. Kila Jumamosi walikuja Gongo la Mboto, enzi hizo mihogo na mikorosho mitupu, kufyatua matofali.

"Alikuwa ananishinda," anasema. "Mimi nikifyatua kumi nanyoosha mgongo. Yeye anaanza wimbo wa kanisani, wimbo ukiisha ameshanipita. Jirani akipita anamtania, Mama Flaviana, huyo mwanaume umemwajiri? Naye anajibu, yuko kwenye majaribio."

Jioni za Jumapili mtaa mzima ulikaa uwanjani kwao kusikiliza redio. Hakukuwa na geti wala ukuta, ua ulikuwa wa michongoma. Mtoto akilia, anabembelezwa na yeyote aliye karibu.

Siku ya kuandikishiana kiwanja, kiongozi wa mtaa wa wakati huo aliandika jina la Marselino peke yake. "Alisema jina la mama halina kazi. Hata hakumtazama. Na hela ilitoka kwenye pindo la khanga yake, mbele ya macho yake huyo mkubwa!"

Alipougua, Sesilia alisema maneno machache: nyumba isiuzwe, Flaviana asihame. Flaviana ni binti yao, fundi cherehani, aliyerudi nyumbani kumuuguza mama na hakuondoka tena. Kaka yake Jonas, anayesimamia baa Sinza, anataka iuzwe wagawane, mzee ahamie kwake. Na upande wa ukoo yupo Romani, fundi rangi, mtoto wa dada yake Marselino. Kwa desturi ya Wamakonde wa umri wake, mali ya mjomba humtazama mpwa.

Marselino aliishia darasa la tatu. Karatasi za ofisini zimemtesa vya kutosha: njoo kesho, leta picha, mhusika hayupo. Na wazee wenzake walimwambia kuandika wosia ni kujitakia uchuro. Akaamua kuutoa kwa njia anayoijua. Akauchonga.

Ilimchukua Kwaresima nzima. Juu aliweka nyumba, chini yake Sesilia ameibeba kichwani. Mlangoni akamkalisha Flaviana, maana yake vyumba vya mbele ni vyake. Nyuma akamweka Jonas ameshika mfuko, maana yake vyumba vya nyuma ni vya wapangaji, kodi agawane na dada yake nusu kwa nusu. Jumatatu ya Pasaka akawaita wanawe na Romani, akafunua shuka.

Jonas alikizunguka kile kinyago mara mbili. "Mzee, mbona mie umenibandika mgongoni kwa sista? Halafu kichwa umeninyima."

"Kichwa chako ndivyo kilivyo, braza," Flaviana akamjibu. "Mzee hajakosea hata kidogo."

Romani naye akainama kutafuta. "Na mie niko wapi, mjomba? Au ndo hiki kisiki?"

Watu walicheka, mpaka Jonas alipokishika kinyago akakigeuza. "Haya, tazameni. Kikikaa hivi, aliye mbele ni nani? Si mie? Basi vyumba vya mbele vyangu."

Kicheko kikakatika. Flaviana aliingia ndani akafunga mlango. Mzee akakirudisha kinyago kilivyokuwa, Jonas akakigeuza tena. Wali wa sikukuu ulipoa sahanini.

"Hapo ndipo niliogopa," Marselino anasema. "Nikaona, nikishazikwa, huyu atageuza na mwingine atageuza, mpaka mwanangu atajikuta nje na cherehani yake."

Flaviana ndiye aliyemleta Tupokigwe, msaidizi wa kisheria anayekutana na kina mama wa mtaa kila Jumamosi. Mtaa una watu maelfu, na msaidizi ni huyo mmoja, anakuja kwa nauli yake. Wenye magari ya serikali huonekana wakati wa kura.

"Shikamoo baba," alisema, akakitazama kinyago kwa muda. "Kazi nzuri sana. Ila hakimu naye atakizungusha tu."

Akamweleza taratibu. Wosia uandikwe, asomewe, atie dole gumba. Kwa asiyesoma vizuri, wawepo mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Na shahidi asiwe mtu anayerithi humo.

Majirani walipatikana siku ileile, Nurdin mwenye duka na mama wa nyumba ya pili. Wa ukoo, mdogo wake Marselino alikubali. Wa nne aliyebaki mjini ni Romani. Romani yuleyule ambaye, akishuhudia, amejifungia mlango mwenyewe.

Alikuja na ovaroli lake la rangi, akausoma wote. Kisha akasema, "Mjomba, nikitia saini hapa, nyumbani nitasema nimerithi nini kwako? Mama yangu alikubeba mgongoni, wewe."

Flaviana alikuwa ameshika ukingo wa meza. Marselino aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na tezo la kuchongea, lenye mpini uliong'aa kwa viganja. Alipewa na mjomba wake Newala, naye alipewa na wa kwake.

"Ningekuwa na shamba la ukoo ningekupa," alimwambia. "Nyumba hii ni jasho la mke wangu, siyo la ukoo. La ukoo ni hili."

"Lisiingie kwenye wosia, baba," Tupokigwe akawahi. "Mpe leo, mkononi, ukiwa hai."

Romani alilipokea kwa mikono miwili, kama wanavyofanya kwao. "Mie nashika brashi, mjomba. Hili nitalifanyia nini?"

"Utakuja Jumamosi nikufundishe. Ukijikata usilie."

Romani akatia saini. Jonas aliambiwa kwa simu. Jumapili iliyofuata alileta kilo mbili za nyama, akala na dada yake.

Kazi haijaisha. Wosia ule unagusa sehemu ya Marselino tu. Tupokigwe amemwambia jasho la Sesilia nalo lina fungu lake kwenye nyumba, na mirathi yake haijawahi kufunguliwa mahakamani. Miaka minne mzee amepita ofisi hizo na hakuna mkubwa aliyefungua mdomo kumweleza. Sasa kikao cha familia kimeshampendekeza awe msimamizi wa mirathi hiyo, na wiki ijayo anakwenda mahakamani na Flaviana, kwa shati lililopigwa pasi tangu juzi.

Anataka jina la mkewe liandikwe mahali, japo kwenye jalada la mahakama.

"Wataniuliza marehemu ameacha nini," anasema, akipuliza vumbi la mpingo. "Nitawaambia ameacha nyumba, vyumba sita, Gongo la Mboto. Wakiniuliza na wewe mzee unakaa wapi, nitasema kwake. Alinikaribisha."