Safu ya Pili ya Bi Umbea

Hospitalini dada yangu anaitwa Bi Umbea, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Yeye ni fundi wa kompyuta. Zamani kila mashine pale, ya mapokezi, ya dawa, ya maabara, iliandika habari zake ndani yake yenyewe: nani kaingia, programu gani imekwama, diski gani inajaa. Mashine ikifa, inakufa na maneno yake, na fundi anabaki kukuna kichwa. Dada akaomba seva moja, akaiweka katika chumba kilichokuwa cha mashuka, akazipanga mashine zote ziwe zinapeleka kule kila ujumbe palepale unapoandikwa. Alipolieleza jambo hilo kwenye kikao cha wafanyakazi, muuguzi mkuu akauliza, "Kwa hiyo umezitengea mashine mahali pa kusengenyana?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na jina likaganda.

Yeye hakukasirika. Niliyekasirika ni mimi, maana ni karani wa masjala papo hapo, na nayajua machungu ya kutunza karatasi ambazo hakuna anayezijali mpaka siku ya balaa. Kila asubuhi alifungua chumba chake chenye harufu ya sabuni, akaketi juu ya kreti la soda kwa kuwa kiti hakikutengwa, akasoma jumbe za usiku kucha. Nusu yazo zilikuwa hazina maana hata kwake. "Nasoma ili nijue siku ya kawaida inafananaje," aliniambia. Aliyemhurumia ni mtu mmoja tu, Mzee wa maabara, aliyebakiza miezi miwili astaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kupima damu za watu. Huyo ndiye aliyemletea kiti.

Basi Jumanne moja, kabla ya adhuhuri, ikaonekana kwamba majibu ya wagonjwa arobaini na mmoja yametoweka kwenye kompyuta ya maabara. Mganga mkuu, mtu asiyeweza kusubiri hata chai ipoe, akamwita dada: nani kayafuta? Ilikuwa mara ya kwanza mkubwa kuhitaji kitu kutoka chumba cha mashuka. Dada akachapisha ukurasa mmoja safi, akaupeleka mwenyewe, kidevu juu. Mstari ulisema wazi kwamba majibu yalifutwa 03:40, yaani saa tisa na dakika arobaini usiku. Watu wote wa maabara waliingia kwenye kompyuta ile kwa jina moja, lakini usiku ule zamu ilikuwa ya mtu mmoja tu, naye ni Mzee.

"Sijayagusa, daktari," Mzee alisema.

"Mashine haina sababu ya kukusingizia."

Barua ya kumsimamisha kazi niliipiga chapa mimi. Kikao cha nidhamu kilipangwa Alhamisi. Akionekana ana hatia angefukuzwa, na ile miaka thelathini na moja ingeishia getini.

Jumatano mchana dada akanipigia simu. "Njoo sasa hivi. Ziache hizo barua." Nilimkuta ameketi kwenye kile kiti cha Mzee, karatasi zimemjaa mapajani.

"Wewe si mtu wa masjala?" akaniuliza. "Barua ikiingia inakuwa na tarehe gani?"

"Ya aliyeiandika, na ya muhuri wetu wa kupokea."

"Na hizi ni vilevile. Safu ya kushoto ni saa inayotajwa na mashine iliyotuma. Ya kulia ni saa ambayo seva yangu imepokea. Jana ya kulia niliitoa, ili ukurasa upendeze."

Kati ya safu hizo kwa kawaida hupita sekunde moja. Kwa kompyuta ya maabara, tangu Jumanne, zilipishana kwa saa sita. Ule ujumbe wa kufuta ulipokewa 09:40, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, Mzee akiwa kwake anakoroma. Nikacheka kwa furaha. Yeye hakucheka.

"Jana asubuhi niliibadilishia ile mashine betri ya saa," alisema. "Nyingine zinachukua saa kwenye mtandao, ile ni kizee, inawekewa kwa mkono. Nikauliza huko koridoni ni saa ngapi. Nani alinijibu?"

Ni mimi. Nilikuwa napita na mafaili. "Saa tatu na nusu, dada," nilimjibu, na ilikuwa kweli. Naye, akiwa na mambo mia kichwani, akaandika kama alivyosikia: 03:30. Mashine huianza siku usiku wa manane, sisi tunaanza kuhesabu kunapokucha. Hata mtoto wa shule anajua kuongeza sita, na fundi wa miaka kumi na miwili akasahau.

"Sasa aliyefuta ni nani?" niliuliza, ingawa nilishaanza kuogopa.

"Baada ya betri nikasafisha diski. Nilidhani nafuta mafaili ya zamani. Kumbe nilikuwa kwenye folda ya majibu."

Nilichofanya nitakisema, sina pa kukificha. Nilifunga mlango. Nikamwambia aseme tu kwamba saa ilikosea, Mzee aachiwe, yaishe. Na ile mistari ya kuonyesha kwamba fundi alikuwa kwenye mashine asubuhi ile aifute, kwani nywila ya seva anayo peke yake. Ana watoto wawili, na mama yetu anaishi kwake. Akanitazama mpaka nikaona haya.

"Nikifuta hata mstari mmoja," alisema, "basi muuguzi mkuu alisema kweli. Vyote vilivyomo humu ni umbea."

Alhamisi mwandishi wa kikao nilikuwa mimi. Dada aligawa kurasa zenye safu mbili, akaeleza taratibu, kisha akasema, "Aliyefuta ni mimi. Na aliyeitoa safu iliyomtetea Mzee ni mimi pia." Nikanyoosha mkono kusema kwamba aliyetaja saa ni mimi. Mganga mkuu akaniambia niandike tu, nisijitie kati.

Dada alipewa onyo kali, nayo barua hiyo niliipiga chapa. Sampuli za damu zilikuwa bado kwenye friji, na Mzee akazipima upya zote arobaini na moja, bila kinyongo.

Ijumaa alikuja masjala. Nikalitoa faili lake, nikaichomoa barua ya kusimamishwa ili niichane. Akanishika mkono.

"Iache, mwanangu."

"Lakini ni ya uongo, Mzee."

"Iache humo humo. Ibandikie ile karatasi ya dada yako. Atakayelifungua faili hili mimi nimeshaondoka, azisome zote mbili."

Nikazibana pamoja kwa pini, nikazigonga muhuri wa kupokea. Akaniuliza ni saa ngapi. Nikamjibu saa nne na robo, ya asubuhi, na chini ya muhuri nikaandika 10:15.