Fundi Rangi na Kifua Alichokificha

Mafundi wenzake walimwita Koti, kwa sababu hata jua liwe la kupasua kichwa, yeye alipaka rangi ndani ya koti zito lililofungwa zipu hadi shingoni. Walidhani ni maringo. Ukweli waliujua yeye na mkewe tu: tangu abalehe, kifua chake kilikuwa kimejaa kama cha msichana. Aliacha soda, akakimbia asubuhi, akapiga pushapu mpaka mikono ikatetemeka. Tumbo likaisha, uso ukachongoka, kifua kikabaki palepale.

Siku moja walikuwa wakipaka ukuta wa nje wa shule. Joto lilikuwa halisemeki. Koti akaanza kuona vimulimuli, rola ya rangi ikamponyoka, akaanguka juu ya jukwaa la mbao walilosimamia. Fundi mkuu alimdaka kabla hajafika ukingoni. Wakamteremsha, wakafungua zipu, wakammwagia maji. Alipofumbua macho alijikuta kifua wazi, wenzake wote wamemzunguka. Akatamani ardhi ipasuke immeze.

Hakuna aliyecheka. Fundi mkuu, ambaye kwa kawaida hakosi utani, alimfunika kwa shati lake mwenyewe, akawatawanya wengine, akachuchumaa.

"Yaani ndugu yangu, hiki ndicho kilichotaka kukuua?"

Koti akalivuta shati hadi shingoni.

"Mdogo wangu alikuwa hivihivi. Inatibika. Kesho unakwenda kwa daktari. Ukija kazini nakufukuza."

Daktari alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Alimbonyeza kifuani kila upande, akampima damu kuhakikisha hakuna ugonjwa uliojificha, akamuuliza kama anavuta sigara. Alikuwa anavuta. Akaambiwa atahitaji upasuaji, ila aache kwanza, maana kidonda cha mvutaji hukawia kupona. Aliporudi, wiki kadhaa baadaye, daktari alimweleza bila kumpamba.

"Nitatoboa vitundu pembeni mwa kifua, niingize maji yenye dawa ya kupunguza kuvuja damu, kisha ninyonye mafuta kwa mrija mwembamba. Tezi iliyo chini ya chuchu nitaikata, hiyo hainyonyeki. Hii si dawa ya unene. Na usitegemee kuamka na kifua kipya. Utaamka umevimba."

"Hatari je?"

"Zipo. Kuvuja damu, kidonda kuingia vijidudu, damu kuganda, ngozi kufa ganzi, upande mmoja kupishana na mwingine. Nenda kazungumze na mkeo."

Mkewe alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi kifua chako sijawahi kukilalamikia," akasema. "Lakini kama kinakunyima hewa, kitolewe." Akiba waliyokuwa wakiiweka kwa ajili ya pikipiki ikaenda huko.

Siku ya upasuaji daktari alimsimamisha, akamchora mistari kwa kalamu ya zambarau. "Leo ni zamu yangu kupakwa rangi," Koti akasema, na nesi akacheka. Dawa ya usingizi ilimchukua hata hajamaliza utani wa pili. Jioni alirudi nyumbani amebanwa ndani ya fulana nene iliyomkaza kama soksi, ambayo angeivaa wiki nyingi, usiku na mchana.

Mkewe hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo aliyekuja kumuuguza ni mama mkwe. Koti aliona haya mpaka masikioni. Asubuhi ya kwanza aliamka shuka limelowa maji mekundumekundu.

"Mama, samahani, nimechafua..."

"Si daktari alisema yatavuja? Nyanyua mkono. Sikusema ufike darini, hapo panatosha." Akabadilisha shuka, akambadilishia pamba, akamlazimisha kuzunguka sebule taratibu ili damu isigande miguuni. Koti akinuna, mama mkwe alimwambia, "Nuna, lakini tembea."

Wiki iliyofuata ndiyo iliyomshinda. Michubuko iligeuka kutoka zambarau kuwa manjano, kifua kikavimba kuliko zamani, na vidole vyake vikagusa mabonge magumu chini ya ngozi. Alilia mbele ya kioo. "Wamenirudishia yote!"

Mama mkwe hakubishana naye. Alimpigia daktari simu, akampeleka Koti kwake yeye mwenyewe. Hakuwa na homa wala usaha. Daktari alisema uvimbe ule ni wa kawaida na mabonge yatalainika kwa miezi, ila wamefanya vizuri kuja kuliko kukaa na wasiwasi.

Uvimbe ulishuka polepole, kwanza upande wa kulia. Siku mama mkwe anaondoka, Koti alikuwa ameandaa maneno mazuri ya shukrani. Alifika kwenye "Mama, wewe..." akaanza kufuta machozi.

"Basi, basi," mama akasema, naye akipangusa macho. "Niletee mkoba wangu kabla hatujaaibishana."

Koti alianza tena kazi kwa kupaka milango, asinyanyue ndoo nzito. Kifua sasa ni bapa. Chuchu ya kushoto imekaa chini kidogo kuliko ya kulia, na kuna sehemu chini ya kwapa ambayo hadi leo ukiigusa hasikii kitu. Daktari alimwambia huenda hisia zikarudi, huenda zisirudi. Koti hana kinyongo nayo. Anasema alipewa alichoahidiwa, na zaidi ya hapo akapewa watu waliomwona akiwa hoi na wasimcheke hata mara moja.