Bandikuti wa Merridy Sproule

"We Merridy, kitu unachogawa bure kinaibwaje?"

Noelene alimuuliza hivyo kutoka upande wake wa ua, nguo zikiwa bado mkononi hazijaanikwa. Nilikuwapo, nyumba zetu tatu zinafuatana hapa mtaani Ravenswood. Merridy alikuwa aking'oa magugu kwa hasira, na karoti nazo zikawa zinang'oka.

"Nimegawa mnyama," alijibu. "Jina langu sikumgawia mtu."

Merridy Sproule ni mchora mabango. Miaka thelathini amechora milango ya mabucha, pikapu za mafundi bomba na ubao wa kanisa letu. Bega lilipoanza kumuuma akaachana na ngazi, akajiunga na watu wa Bandikuti. Hiyo ni programu ya kompyuta, yenye jina la mnyama mdogo wa hapa Australia, ambayo wazima moto wa kujitolea huitumia kupangiana zamu na kujua tangi gani lina maji. Ni programu huria: wanaoitengeneza wanaigawa bure, na yeyote anaweza kuifungua, kuirekebisha na kurudisha marekebisho yake kwenye ghala lao mtandaoni. Kundi la mji wetu, Launceston, hukutana Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa kanisa. Mimi ndiye ninayeshika ufunguo na kuchemsha chai.

Wakati ule kila kundi nchini lilikuwa na bandikuti wake wa kuchora kama nembo. Wa Queensland alikuwa wa zambarau, amevaa kofia. Wa Adelaide alifanana na panya aliyefiwa. Kikosi kimoja cha wazima moto kiliikataa programu kikidhani ni ya matapeli, kwa sababu picha kwenye karatasi na picha kwenye simu hazikufanana, na kiangazi kile zamu zao zikavurugika. Merridy akasema kulirekebisha hilo ni kazi yake. Miaka mitatu alikaa mezani akimchora bandikuti mmoja tu: pua ndefu, mgongo umepinda kama kijiko, rangi moja ya kijani. Akabuni na herufi za kwenda naye. Vikosi vikaanza kumtambua kwa mbali, kama unavyotambua sare ya shule.

Kisha Garrick Pettifer. Yeye alikuwa msemaji wa kundi, na ana biashara yake ya kufundisha vikosi kutumia programu ile. Kwenye mkutano wa mwaka kule Hobart alisimama mbele ya watu mia mbili akasema, "Huyu mnyama nilimchora mimi, jikoni kwangu." Wakampigia makofi. Merridy alikuwa mstari wa tatu, mkate na soseji mkononi. Alipomfuata nje, Garrick alimpigapiga lile bega bovu.

"Merridy, dada yangu, kazi huria haina mwenyewe. Usiwe na roho ndogo."

Wiki iliyofuata bandikuti alikuwa amechorwa ubavuni mwa gari la Garrick, na chini yake PETTIFER, kubwa kuliko mnyama.

Nilimwambia Merridy tumwombee yule bwana. "Wewe mwombee," akanijibu. "Mimi nina kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika mwongozo: kurasa kumi na mbili za namna kila mtu atakavyomtumia mnyama. Desturi yao, pendekezo hubandikwa wazi siku thelathini, kila mwenye neno aseme, ndipo liidhinishwe. Na Merridy alikuwa amewasoma watu wale vizuri. Jambo zito hulipitisha kimya, kwa kuwa linataka kusomwa. Jambo dogo ambalo kila mtu analiona kwa macho, hapo ndipo hupiga kambi. Basi ukurasa wa kwanza akaweka kijani mbili, zilizopishana kidogo kama chai iliyoongezwa tone la maziwa, akauliza: "Mnapenda ipi?"

Ee Mungu wangu! Siku thelathini za kijani. Jumamosi waligombana mpaka chai ikapoa vikombeni.

"Hii ni ya bwawani!"

"Bwawa unalo wewe, machoni!"

"Merridy, mama, tusaidie basi. Ipi?"

"Endeleeni tu, jamani," Merridy aliwaambia, akijimiminia kikombe cha pili. "Hili ni jambo kubwa."

Maoni yalifika mia tatu na kumi na moja. Arobaini na nne yalikuwa ya Garrick peke yake, aliyeitaka ile iliyokoza. Akapewa. Kwa furaha yake akawa wa kwanza kuuidhinisha mwongozo mzima. Ukurasa wa tisa hakuna aliyeuliza hata neno.

Ukurasa wa tisa ulisema mnyama asiwekwe kwenye mali ya biashara ya mtu yeyote, na kwamba aliyemchora atajwe kama kumbukumbu za ghala zinavyoonyesha. Kumbukumbu zile hazifutiki: kila mchoro, siku yake, saa yake, na jina. Yote yalikuwa Merridy Sproule. Mwenye kukiuka alipewa siku saba za kujirekebisha, la sivyo avuliwe cheo chake kundini; na cha Garrick kilikuwa usemaji.

Siku ya sita baada ya mwongozo kupita Garrick akaja, akaegesha gari lile mbele ya lango la Merridy. Noelene akatua kapu la nguo. Mimi nami, Mungu anisamehe, sikuingia ndani.

"Merridy, hii ni fitina."

"Ni sheria. Uliidhinisha wewe, wa kwanza, saa tatu na dakika nne asubuhi. Imeandikwa."

"Ulitupumbaza na rangi!"

"Umeandika maoni arobaini na nne, Garrick. Mimi niliyasoma yote. Kurasa zangu kumi na mbili tu zimekushinda?"

"Hata mimi nimezisoma," Noelene akadakia, "na kompyuta sijui kuiwasha!"

Garrick akanywea. "Kesho kutwa vikosi vinakuja kwangu mafunzoni. Haya, unataka nini? Niandike samahani? Nitaandika."

Nilikuwa nimemwombea Merridy alainike moyo. Aliingia ndani, nikadhani anakwenda kutafuta karatasi. Akatoka na kiti na kile kisu chake kipana cha kukwangulia rangi. Kiti akakiweka kikitazama gari, akaketi, kisu akampa Garrick, mpini mbele.

"Mkwangue huyo mnyama hapa hapa, kwa mkono wako, na mimi nikitazama. Na kila atakayepita akikuuliza unafanya nini, mwambie nani alimchora."