Yaliyotoka Mfukoni mwa Kocha

Wewe, ukijua jambo linalommaliza ndugu yako, unanyamaza kwa heshima au kwa woga? Usijibu haraka. Dobi mmoja aliulizwa swali hilo akiwa na pasi ya moto mkononi, pasi ikasimama palepale mpaka shati la mteja likaanza kunuka moshi.

Aliyeuliza alikuwa shemeji yake, mke wa kaka yake mkubwa. Alikuja Alhamisi asubuhi, hakutaka kukaa. Alisimama kati ya kamba za nguo na meza ya kupigia pasi, macho yamemvimba.

"Shemeji, cherehani yangu haipo."

"Imeenda wapi?"

"Kwa fundi, kaka yako anasema. Kama friji. Friji liko kwa fundi mwezi wa nne sasa. Huyo fundi analitengeneza au amelioa?"

Dobi alitaka kucheka, akaona yale macho, akaacha.

"Nguo za watoto nimeshafunga," shemeji akaendelea. "Yule mshauri wa hospitali unayemfulia makoti amekubali kumwona kesho saa mbili na nusu. Asipokwenda, jioni mimi na wanangu tuko kwa mama, na safari hii sirudi kwa kubembelezwa. Wewe ndiye anayekusikiliza. Na usiniambie ulikuwa hujui. Nguo zake anazifua nani?"

Hapo ndipo alipomuuliza kama ilikuwa heshima au woga, kisha akaondoka bila kungoja jibu.

Ukweli ni kwamba dobi alijua kuliko mtu yeyote. Baba yao alipofariki, kaka yake ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemfundisha kazi, katika chumba hikihiki, kabla hajapata ajira ya kutunza stoo ya shule. Somo la kwanza halikuwa sabuni wala wanga. Lilikuwa mifuko. Nguo isiguse maji kabla mifuko haijapekuliwa, na chochote kitakachopatikana, barua, picha, ufunguo, kiingie kwenye bahasha, bahasha ibanwe kwa pini kwenye nguo safi, mwenyewe akabidhiwe, na dobi asiulize kitu. "Siku ukiuliza," kaka alimwambia, "kesho yake wanapeleka nguo kwingine." Kwa kanuni hiyo wawili hao walijenga jina. Mke na mume wangeweza kufuliwa nguo hapo, kila mmoja na siri zake, na wote wakalala usingizi.

Kwa kanuni hiyohiyo, miaka mitatu mfululizo, dobi alitoa kwenye suruali za kaka yake karatasi za kubeti, zile wanazoziita mikeka. Mwanzoni moja, mbili. Baadaye viganja. Zote aliziweka kwenye bahasha, akabana pini, akafunga mdomo. Siku moja alisahau kupekua, mkeka mmoja ukalowa chapachapa. Akautandaza chini ya kitambaa, akaupiga pasi taratibu mpaka majina ya timu yakasomeka tena. Siku ile alijiona amemtendea kaka yake wema.

Mtaani kaka huyo walimwita Kocha, maana hakuna mechi asiyoweza kuieleza, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akigusa mpira. Mtaa mzima ulimcheka kwa upendo kabisa, huku nyumba yake ikitoka mlangoni kifaa kimoja kimoja. Ndivyo tulivyo. Mlevi akianguka barabarani tunamwona na kumwinua. Huyu anayeanguka akiwa ameketi, kalamu mkononi, tunamwendea kuomba utabiri. Tumekubali kuuita mchezo, na vibanda vyake vinafunguliwa mapema kuliko zahanati.

Mchana dobi alimpigia simu mshauri. Mama yule hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Uraibu wa kamari ni ugonjwa na unatibika," alisema, "lakini lazima aje kwa miguu yake. Usimhubirie. Usimtishe. Mwambie ulichokiona kwa macho yako, halafu unyamaze, umwachie nafasi."

Ilionekana rahisi mpaka saa kumi, Kocha alipoingia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nguo zangu tayari, au leo tena maji yamekatika?"

"Tayari."

Kocha aliichukua suruali, akapapasa mahali pa pini. Patupu. "Bahasha iko wapi?"

Bahasha ilikuwa mkononi mwa dobi. Alikuwa amepanga maneno ya upole, lakini yaliyotoka yalikuwa hotuba. Kwamba anawaaibisha. Kwamba baba angekuwa hai angekufa tena. Kwamba watoto wake watakuwa watu gani. Kwamba kesho saa mbili na nusu mshauri wa hospitali anamngoja, na asipokwenda mkewe anaondoka. Alipanda, akapanda, mpaka akaishiwa pumzi.

"Umemaliza?" Kocha aliuliza, uso mkavu kama ukuta. "Shemeji yako kakutuma. Mimi sinywi, sivuti, siibi. Nacheza. Mechi ya leo ikikubali, friji linarudi na cherehani inarudi, na nyote mtakuja kuniomba radhi."

Akageuka kuelekea mlangoni. Dobi akaona wazi kwamba amefanya yote aliyokatazwa, tena kwa mpangilio. Akashusha sauti.

"Suruali ya kijivu ilikuwa na thelathini na moja."

Kocha akasimama. "Thelathini na moja nini?"

"Mikeka. Ya wiki moja. Na siku mwanao alipolazwa, uliniletea shati lenye damu ya pua yake. Mfukoni kulikuwa na mkeka uliochapwa saa tisa alasiri ya siku hiyo. Saa tisa mwanao alikuwa wodini, kaka."

Nje kamba ilikuwa ikigonga nguzo kwa upepo. Kocha hakugeuka.

"Nilikufundisha nini kuhusu mifuko ya watu?"

"Ninyamaze. Nikanyamaza miaka mitatu. Mmoja ulilowa, nikaupiga pasi ili uweze kuusoma. Ni mimi niliyefanya hivyo. Naomba unisamehe."

Kocha alikuwa amejiandaa kwa lawama. Kwa kuombwa msamaha hakuwa amejiandaa. Alirudi polepole, akaketi juu ya kapu la mashuka machafu.

"Uliupiga pasi?"

"Kwa moto mdogo."

Kicheko kikamtoka, kikaenda hatua mbili, kikageuka kitu kingine. Akaificha sura yake kwenye suruali safi. Dobi alitamani kusema, kumshika bega, hata kumpa maji. Akakumbuka, akanyamaza. Kunyamaza huku kulikuwa kugumu kuliko kule kwa miaka mitatu.

"Kila wiki ulikuwa unajua," Kocha alisema mwishowe, "na kila wiki unaniamkia."

"Wewe ni kaka yangu."

"Nimejaribu kuacha, unajua? Nilifuta kwenye simu, nikarudi kwenye karatasi. Nikabadili njia ya kwenda kazini, miguu ikanirudisha. Siku nikikosa, mikono inatetemeka." Akaitazama mikono yenyewe. "Nikamwambie nini huyo mshauri? Mtu mzima, naaminiwa funguo za stoo nzima, nimeshindwa na kikaratasi?"

"Mwambie hivyohivyo."

"Na watu wakiniona kwenye foleni ile?"

Dobi alitafuta uongo mzuri, hakuupata. "Watakuona."

Kocha aliinuka. Akaikunja suruali kwa kufuata mstari wa pasi, kama dobi, akanyoosha mkono. Mdogo wake akampa bahasha. Ilikuwa mali yake.

"Kesho usinifuate. Nikienda nimekwenda. Nisipokwenda, nisikuone nyuma yangu kama askari."

Asubuhi dobi alikuwa na makoti ya kupeleka hospitali. Hiyo ni kweli, ingawa makoti hayo huenda Jumatatu. Alisimama kwenye korido, makoti begani. Benchi lilikuwa limejaa. Saa mbili na nusu ikapita. Mlango wa mshauri ukafunguliwa, mama akachungulia, ukafungwa.

Saa tatu kasoro dakika kumi, Kocha akaingia na nguo za kazi, jasho shingoni. Karani wa mapokezi hakuinua kichwa.

"Unasumbuliwa na nini?"

Kocha akainama, akanong'ona.

"Paza sauti, baba. Feni hili lina kelele."

Benchi zima likageuka. Mwanamume mmoja akamtambua, akang'aa uso. "Ah, Kocha! Leo unatupa timu gani?"

Wawili watatu wakacheka. Dobi akajibana nyuma ya nguzo, akauona mgongo wa kaka yake ukielekea nusu upande wa mlango. Ukakaa hapo. Kisha ukarudi.

"Kamari," Kocha alisema, na sauti ikafika mwisho wa korido. "Nasumbuliwa na kamari. Nimeshindwa kuacha."

Karani akaandika, akachana namba, akampa. Yule aliyetaka timu akainamisha kichwa. Halafu akaondoa mkoba wake kwenye benchi, akasogea, na Kocha akaketi hapo kando yake.