Askari Aliyewafunga Watu wa Busi

Barua ya posa ilirudi kwetu Mkonze ikiwa haijafunguliwa. Mshenga aliitoa mfukoni, akaiweka mezani, kisha akaeleza sababu: baba wa binti, kule Busi, amesema hawaozi katika ukoo wa askari aliyewafunga watu kwa ajili ya kodi ya kichwa. Askari huyo ni marehemu baba yangu. Mjukuu wangu, ambaye ndiye mwenye kuoa, alisikia yote, akasukuma sahani yake pembeni.

"Nani aliona?" nilimwuliza mshenga.

"Wanasema, Mwalimu."

"Wanasema si shahidi. Nimeuliza nani aliona."

Nimefundisha Kiswahili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sikumbuki kumpa mwanafunzi alama kwa jambo aliloliokota barazani. Nilichokijua kwa macho yangu ni kwamba baba alikuwa mlinzi wa duka la nguo mjini Kondoa, lililokuwa na ua mpana wa kuwekea magunia. Watu walimwita askari, kwa kuwa lugha yetu humwita askari kila anayelinda, awe mwanajeshi, polisi, au mtu wa kufungua geti. Serikali ya kikoloni haikuupenda mchanganyiko huo. Ilimtaka mlinzi wa mtu binafsi aandikishwe bomani, aweke alama ya dole gumba, apewe kibali. Kibali cha baba ninacho hadi leo, pamoja na masharti yake: asivae nguo zinazofanana na za polisi, asimkamate mtu nje ya ua wa mwajiri wake, na mtu yeyote akiingia uani bila ruhusa ya mwenye duka, mlinzi apige filimbi mfululizo mpaka polisi wafike.

Nilikitia katika bahasha, nikamchukua mshenga, tukapanda basi la Kondoa. Kutoka hapo tulikodi gari hadi Busi.

Baba wa binti alitukaribisha kwa adabu na chai, lakini msimamo wake haukulegea. Nilimsomea sharti la pili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, karatasi hiyo inasema alichokatazwa. Haisemi alichofanya."

Alisema kweli, na nilimheshimu hapo hapo.

"Wewe uliona?" nikamwuliza.

"Nilikuwa sijazaliwa. Baba ndiye aliyekuwa akitusimulia."

"Na sasa yuko wapi?"

"Yuko nyuma ya nyumba, anaota jua. Lakini ni mzee sana, Mwalimu. Hatumsumbui kwa mambo ya posa."

"Leo tumsumbue."

Tulimkuta ameketi juu ya mkeka, akichambua kunde katika ungo. Nilimwamkia shikamoo, neno ambalo kwa umri wangu sipati tena fursa nyingi za kulitamka, na aliniitikia kwa marahaba ndefu iliyonifanya nijisikie kijana. Mwanawe aliinama, akapaza sauti:

"Baba, huyu ni mtoto wa yule askari wa duka la Kondoa!"

"Yule wa filimbi?"

Mzee alianza kucheka. Alicheka mpaka ungo ukainama na kunde zikamwagika mkekani.

"Baba, si ndiye aliyewafunga?"

"Aliyetufungia, wewe! Alimfunga nani? Alitufungia lango!"

Niliketi chini karibu naye. "Uliona mwenyewe, mzee, au uliambiwa?"

"Niambiwe na nani? Nilikuwa nimejibanza nyuma ya magunia ya mtama, panya wananipita miguuni!"

Alisimulia kwamba walikuwa vijana watano, yeye mmoja wao, wamekuja mnadani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na risiti ya kodi. Polisi wa kodi walipotokea, wote watano walikimbilia katika ua wa duka. Baba akafunga lango nyuma yao, akatia komeo. Polisi wakaruka ukuta. Hawakuwa na ruhusa ya mwenye duka, na kibali kilikuwa wazi juu ya jambo hilo. Baba akatoa filimbi, akaipuliza mfululizo, akiwaita polisi waje wawaone polisi walioingia uani.

"Wakamfokea, 'Polisi ni sisi!'" mzee alisema, akijifuta macho. "Akaitoa filimbi mdomoni, akawauliza, 'Mmeshafika, au mnakuja?' Kisha akaendelea kupuliza. Mnada mzima ukahamia pale kucheka! Sisi tukapita ndani ya duka, tukatokea mlango wa mbele. Mmoja wetu alitoka amejitanda kanga, na kuna mtu alimwamkia shikamoo mama!"

Baba wa binti alikuwa amekaa kwenye vumbi bila kujali kanzu yake. Nilimweleza, kwa kuwa ni kazi yangu, kwamba kumfunga mtu ni kumtia gerezani, lakini kumfungia lango kunaweza kuwa kumwokoa, na kwamba kati ya mzee na mwanawe irabu moja tu ilikuwa imedondoka.

"Lakini baba," alimgeukia mzee, "mbona siku zote hukutuambia?"

"Nimewaambia mpaka nikachoka! Ninyi husikiliza nusu, nusu nyingine mnajitungia." Kisha akaninyooshea kidole. "Na wewe, mtoto wa filimbi, huyo kijana wenu anafanana na baba yako?"

"Kwa ubishi, sana," nilijibu.

"Basi aje amchukue mwenzake. Nani kawaambia nimekataa?"

Mwanawe alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Semeni siku, Mwalimu."

Nilikuwa na maswali mawili bado. Nilitaka kujua kama baba aliadhibiwa kwa filimbi ile, na kama kati ya wale watano yuko mwingine aliye hai, ili ushahidi usisimame juu ya mtu mmoja. Nilifungua kinywa kuuliza la kwanza. Wanawake jikoni walikuwa wameshaanza vigelegele, na mshenga wangu, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alikuwa anacheza katikati ya kunde.