Vidonge Nilivyomnyima Rafiki

Sisi Wamaasai, mtu wa rika lako akikuomba kitu, humnyimi. Nililelewa hivyo. Kwa hivyo daktari wa hapa Kitengela aliponipa vidonge vya ugonjwa wa sukari, nimeze kimoja asubuhi na kimoja jioni baada ya kula, nilimgawia nusu rafiki yangu wa Kajiado. Tulitahiriwa pamoja, na yeye pia alikuwa akilalamikia kiu na kukojoa kila saa. Nilijiona mtu wa maana sana.

Kabla mwezi haujaisha, dawa ikaniishia na sukari ikapanda. Nesi wa kliniki, msichana wa umri wa binti yangu, alinigombeza mpaka nikainamisha kichwa.

“Mzee, huyo rafiki yako hajapimwa hata mara moja! Unataka kumuua?”

Rafiki yangu alipokuja kuomba tena, nilimwambia hapana. Sikuwa nimewahi kumwambia neno hilo. Alinuna, akajifunga shuka aondoke. Nikamshika mkono na kumpeleka kliniki, akinitukana njia nzima. Alipimwa, akapatikana na sukari, akapewa dawa yake mwenyewe.

Sasa ni mwaka wa pili, na sukari zetu zimetulia. Jumapili iliyopita nilimtembelea Kajiado, tukala ugali na mboga, tukanywa chai isiyo na sukari. Akatoa pakiti yake mfukoni, akanikazia macho.

“Hizi ni zangu,” akasema. “Usithubutu kuniomba.”

Sijawahi kunyimwa kitu nikajivunia hivyo.