Njahi, Iodini na Shati la Jaji

Aibu niliyoipata siku ile mbele ya ukumbi mzima pale Nyeri, nikiikumbuka hadi leo najifunika uso kwa leso, na sina wa kumlaumu ila ubishi wangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya sabini. Mimi na Muthoni, rafiki yangu wa kidato cha tatu, tulikuwa na mradi wa mashindano ya sayansi wa kuonyesha kwamba maharagwe yana wanga na nyuzinyuzi. Washindi wangepelekwa Nairobi, na Muthoni, ambaye hakuwa amewahi kuvuka Sagana, aliitaka safari hiyo kuliko kitu chochote. Yeye alisema tutumie maharagwe meupe. Mimi nikakataa (mjuaji mimi!), nikasema lazima ziwe njahi, maharagwe ya Wakikuyu, kwa sababu kwetu mama akijifungua anapikiwa njahi ili maziwa yashuke, na jaji gani wa huku angekataa chakula kilichomnyonyesha?

"Lakini Wangari, njahi ni nyeusi," Muthoni akasema.

"Hiyo ndiyo uzuri yake."

Basi nikazichemsha, nikaziponda na maganda yake kama tunavyozila nyumbani, nikazijaza kwenye bakuli. Jaji akaja, mwalimu mzee nadhifu, shati lake jeupe limenyooka hata ungedhani ni la kadibodi. Nikamweleza kwa madaha kwamba iodini ikigusa wanga inageuka bluu iliyokolea, karibu nyeusi, kisha nikadondosha. Bakuli lilikuwa jeusi, likabaki jeusi.

"Rangi imebadilika wapi?"

"Imebadilika, Mwalimu, ni vile... iko ndani."

Watu wakaanza kucheka huko nyuma, nami badala ya kukubali yaishe nikaongeza tone lingine, na lingine, halafu nikaitikisa chupa kwa hasira, kizibo kikaruka, na iodini karibu yote ikammwagikia jaji kifuani. Tukiwa tunatazama, lile doa la kahawia likageuka bluu, likakolea, likawa kama wino. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nikaanza kutafuta mlango uko wapi.

Muthoni hakucheka wala hakukimbia. Alisogea mbele, akasema polepole, "Pole sana, Mwalimu. Lakini hiyo ndiyo rangi tulikuwa tunatafuta. Shati yako imetiwa wanga ikipigwa pasi." Kisha akaokota bakulini njahi moja nzima iliyokuwa haijapondeka, akaimenya kwa ukucha, akamwonyesha ganda ("nyuzinyuzi ziko nyingi hapa"), akaponda ile nyeupe ya ndani na kuitia tone lililobaki kwenye chupa. Bluu! Jamani, msichana yule! Nilimpenda hadi nikasahau kwamba nilikuwa nimeaibika.

Jaji alilitazama shati lake, akaitazama njahi, akacheka hadi akavua miwani. Tulishinda. Lakini kila mradi ulipeleka mwanafunzi mmoja tu, na hakuna aliyeuliza ni nani: Muthoni akaenda Nairobi, mimi nikabaki kwenye beseni nikisugua shati la watu.

Miaka baadaye nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, Muthoni alikuja na sufuria ya njahi, akaifunua, akaniambia, "Kula tu, hii sijaweka iodini." Nilicheka hadi mtoto akaamka. Na tangu siku ile ya ukumbini, Muthoni akisema maharagwe meupe, ni meupe.